Korongo Aliyejiita Daraja

Paukwa!

Eh, mmeitika kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sasa. Nyamazisheni watoto, na watoto wawanyamazishe wazazi wao. Anayesimulia leo ni mimi, na mimi sirudii. Shule niliiacha darasa la sita. Haikunishinda, nilimwonea huruma mwalimu, maana kila nikiuliza swali alikwenda kunywa maji.

Basi, hapo zamani za kale, kale ile ya kweli, si hii yenu ya juzi, palikuwa na mto usio na maji. Mchanga mtupu, mweupe, moto. Ukiukanyaga, tss! Unaruka. Upande mmoja wa mto ulikuwa na mikuyu mirefu, na juu ya mikuyu waliishi tumbili. Upande wa pili ulikuwa na vichuguu na mashimo, na ndani ya mashimo waliishi ngiri.

Tumbili walisema kitumbili. Ngiri walisema kingiri. Hawakuelewana hata salamu. Wangeelewana vipi, huyu amezaliwa juu ya tawi na yule amezaliwa chini ya ardhi?

Mvua ikakataa. Ikakataa tena. Majani yakakauka, matunda yakawa kama kokoto. Tumbili wakalamba umande, umande nao ukaisha. Lakini ngiri, wale wenye pua ngumu, wakateremka mtoni kwenye kona wakachimba. Chimba! Chimba! Chimba! Mchanga ukalowa. Maji yakachungulia. Pakawa na kidimbwi kizuri, maji katikati, matope kando.

Harufu ya maji ikapanda mpaka kwenye mikuyu.

Sasa sikilizeni. Huko juu alikuwako mama mmoja tumbili, jina lake Nyamizi. Alikuwa na mtoto mchanga, Shija. Shija alilia kwa kiu, akalia, akalia, kisha akaacha kulia. Nyinyi wenye watoto mnajua: anayelia haogopeshi kama aliyeacha. Nyamizi akamwendea mkubwa wao, Mzee Kidevu, mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani.

"Baba, mtoto wangu ananyauka. Twende tukaombe maji kwa ngiri."

"Tutaombaje, mwanangu? Kijana wetu mmoja alishuka, wakamwambia 'Groo!' Amerudi, mpaka leo anatetemeka."

"Groo ni nini?"

"Nani ajuaye?"

Mimi najua, na nitawaambia bure. Groo kwa kingiri ni "Hodi yako iko wapi?"

Wakiwa hapo hawajui la kufanya, mara, ka-ka-ka-ka! Nani huyo? Korongo. Amesimama mchangani kwa miguu miwili, maana siku zile korongo alisimama kwa miguu miwili kama watu wenye akili. Shingo juu, domo mbele, kifua kimetuna. Kila mwaka alikwenda nchi za mbali akarudi, na kila akirudi shingo ilikuwa imerefuka kwa maringo.

"Nasikia mna shida ya lugha," akasema. "Lugha mimi ninazo saba. Nimezibeba kichwani."

"Na kingiri unakijua?" akauliza Mzee Kidevu.

"Mzee wangu, unaniuliza mimi? Kingiri nakinywa kama uji. Nitapeleka neno, nitaleta neno. Mimi ndimi daraja! Bila mimi huku ni huku na kule ni kule."

"Lakini wewe mkalimani utasema vizuri?"

"Vizuri ni nini? Mimi sina uvizuri. Mimi natafsiri neno kwa neno. Neno likitoka kinywani mwako ni jiwe, nitalifikisha jiwe. Mafumbo, mifano, sijui nahau, hayo ni ya bibi zenu jikoni. Sitaki mafumbo!"

Haya, msikieni huyo! Hataki mafumbo! Na lugha amezibeba, kikapu kiko wapi? Kingiri anakinywa kama uji, bakuli liko wapi? Ni daraja, mbona ana manyoya? Mtu anafumba tangu asubuhi mpaka jioni, halafu anasema mafumbo ni ya bibi.

Na nyinyi msicheke sana. Leo asubuhi nani kasema njaa inamuuma? Umeyaona meno yake? Wewe uliyesema bei ya sukari imepanda, ilipanda mnazi gani? Na mama yule pale alisema jana kwamba jirani ana mkono mrefu, akafunga mlango, wala hakwenda kuupima kwa kamba. Tunasema hivyo kila siku, tunaelewana, tunakula, tunalala. Mambo yanaharibika akiingia katikati mjinga mwenye domo refu.

Twende.

Mzee Kidevu akamwambia Korongo: "Waambie ngiri tuna kiu. Mtoto anakufa. Tunaomba maji."

Hilo lilikuwa neno jepesi, hata Korongo hakuweza kulivunja. Akaenda, ka-ka-ka-ka, akamfikishia mkubwa wa ngiri, Mzee Chimbachimba, aliyekuwa na meno yaliyopinda kama mundu. Mzee Chimbachimba akasikia. Akawaita wenzake. Pua zikakutana, wakakoroma, wakashauriana. Mkewe, Bi Ngiri, akasema: "Mtoto ni mtoto. Wa juu ana kiu ileile ya wa chini." Basi Mzee Chimbachimba akainua kichwa akatoa neno kubwa kabisa la ukarimu walilo nalo ngiri:

"Waambie waje. Tutawapaka matope."

Ngojeni, msigune. Ngiri ana ngozi tupu. Jua linamchoma, nzi wanamla, kupe wanamnyonya. Dawa yake ni moja: matope. Kwa hiyo mgeni akija kwa ngiri, haambiwi kaa, haambiwi kula. Kwanza anakalishwa kandokando ya dimbwi, mwenye nyumba anachota matope kwa pua, anampaka mgongo, anampaka tumbo, anampaka uso. Pa! Pa! Pa! Akishapakwa, amekuwa mtu wa nyumbani. Hapo ndipo anakunywa. Kanga alipakwa. Nungunungu alipakwa, na mliwahi kujaribu kumpaka nungunungu? Huo ndio upendo.

Lakini kwa tumbili! Tumbili akiiba chakula cha mama mjamzito, au akimtelekeza mwenzake mbele ya chui, wanamshusha chini, wanampaka matope usoni, wanamwacha akauke juani watoto wakimzomea. Kama sisi tu. Si tunasema fulani kanipaka matope? Na tukisema hivyo, kuna anayeshukuru?

Na Korongo alilijua hili. Ndiyo, alilijua! Kila siku alisimama pale dimbwini akivizia vyura. Aliwaona wageni wakipakwa, wakicheka, wakinywa. Macho yake mawili yaliona. Lakini alisema, "Mimi kazi yangu ni maneno. Mambo si kazi yangu." Akaruka mpaka kwenye mikuyu, akatuna kifua.

"Wamesemaje?" wakauliza tumbili wote.

"Wamesema: waje, tutawapaka matope."

Kra! Kra! Kra! Matawi yakatikisika.

"Matope? Sisi?"

"Tumeiba nini?"

"Hao wenye nyuso kama vichuguu vilivyobomoka?"

Nyamizi akauliza, "Korongo, walisema kwa hasira au kwa kucheka?"

"Mama, hasira na kucheka si maneno. Mimi nimeleta maneno."

Mzee Kidevu, kwa kuwa ni mzee, akainua mkono. "Tulieni. Labda tuliomba kikavukavu. Mkubwa huombwa kwa sifa. Korongo, rudi. Mwambie Mzee Chimbachimba hivi: wewe ndiwe tawi letu."

Tumbili wakaguna kwa kuridhika. Lile ni neno ambalo tumbili humwambia mama yake tu. Tawi ni kitanda. Tawi ni meza. Mbwa wakija, unakimbilia tawi. Tumbili akimwita mtu tawi, amemaliza.

Korongo akaruka, ka-ka-ka-ka, akatua mbele ya ngiri. Walikuwa wamekwisha kuchota matope mengi, wameyalainisha, wanasubiri wageni. Bi Ngiri alikuwa ameyatoa vijiti, visije vikamchoma mtoto.

"Haya, wanakuja?"

"Wamesema: Mzee Chimbachimba, wewe ndiwe tawi letu."

Pua zikanyanyuka. Masikio yakasimama. Unajua ngiri hulijuaje tawi? Tawi ndipo chui hulala. Chui hulala juu ya tawi, mkia unaning'inia, anangoja mtoto wa ngiri apite chini. Kisha, puu! Hakuna ngiri ambaye hajapoteza ndugu chini ya tawi. Mzee Chimbachimba mwenyewe alipoteza kaka yake.

"Mimi?" akasema taratibu. "Mimi ni kitanda cha chui?"

"Tawi lao," akasema Korongo. "Neno kwa neno."

"Sisi tunawakaribisha kwa matope laini, wao wanatutukana kwa marehemu wetu?"

"Hayo ya marehemu siyajui. Mimi nimeleta tawi."

Ngiri wakalizunguka dimbwi lao, mikia juu, migongo ndani, meno nje. Wakaanza kunoa meno kwenye mawe. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Ng'ambo, tumbili wakasikia kwaru kwaru, wakaanza kuvunja fimbo. Kacha! Kacha! Kacha!

Na katikati, kwenye mchanga, Korongo anatembea kwa madaha, mguu huu, mguu ule, anajisemea: "Nimefanya kazi safi. Hakuna neno lililopotea."

Ni kweli, hakuna neno lililopotea. Walikuwa wanakaribia kupotea watu.

Nimewahi kuwaona makorongo wengi wa namna hii, na hawana mabawa. Mtu anaambiwa amfasirie mgeni "pole na safari", yeye anafasiri upole, mgeni anauliza ni nani aliyekuwa mkali. Halafu mkalimani anafuta jasho, anadai soda. Namcheka mpaka mbavu zinaniuma. Zinaniuma, nimesema, msimwite daktari.

Sasa Shija. Nyamizi alimtazama. Midomo imepasuka. Macho yamefunguka nusu, lakini hayaangalii kitu. Alimtia kidole mdomoni, mtoto hakunyonya.

Nyamizi akaanza kushuka.

"Wewe!" akaita Mzee Kidevu. "Unakwenda wapi?"

"Dimbwini."

"Hujasikia? Watakupaka matope! Mbele ya watu! Wewe, binti wa ukoo wa tawi la juu!"

"Nimesikia, baba. Wanipake. Matope yakikauka hubanduka. Kifo kikikauka hakibanduki."

Korongo akamkimbilia mchangani. "Mama, mama! Unavunja utaratibu. Mazungumzo yana mkalimani. Ukifika utasema nini? Hujui hata neno moja!"

"Ndiyo maana nakwenda mwenyewe," akasema Nyamizi. "Wewe unayajua yote, na mtoto wangu bado ana kiu."

Akampita.

Mchanga ulimchoma nyayo, tss, tss, tss. Hakuruka. Akafika mbele ya meno yote yale. Kwaru kwaru ikanyamaza. Nyamizi hakusema neno. Angesema lipi? Akakaa chini. Akakaa palepale penye matope. Akamlaza Shija mapajani, akafumba macho, akautoa uso wake kama mtu anayengoja kofi.

Ngiri wakatazamana. Amekaa mahali pa mgeni! Ameleta uso! Hivi ndivyo mgeni mwenye adabu hukaa!

"Huyu ndiye aliyetutukana?" akauliza Mzee Chimbachimba.

"Mume wangu, noa meno kesho," akasema Bi Ngiri. "Mgeni amekaa."

Akachota matope kwa pua yake pana. Pa! Mgongoni. Pa! Begani. Nyamizi akajikaza, anangoja kusikia zomeo. Hakusikia. Pa! Shavuni, taratibu, kama anayempaka bibi arusi. Matope yalikuwa baridi. Mchomo wa jua ukatoka. Nzi wakaondoka. Kisha akasikia pua inahemea tumbo la Shija, ikilipaka polepole, ikizunguka kitovu, na Bi Ngiri anakoroma chini chini kwa sauti ileile ambayo Nyamizi mwenyewe hutumia kumbembelezea mtoto.

Nyamizi akafumbua macho.

Nani angemtafsiria pale? Hakuhitaji. Machozi yakamtoka, yakachora mistari kwenye matope.

Bi Ngiri akamsukuma kwa kichwa mpaka kwenye maji. Nyamizi akachota kwa kiganja, akadondosha mdomoni mwa mtoto. Tone. Bado. Tone. Bado. Tone... Shija akapiga chafya! Akafungua macho. Akanyoosha mkono, akashika ndevu za Mzee Chimbachimba, akazivuta kwa nguvu zake zote. Na yule mzee mwenye mundu mdomoni akainamisha kichwa, avutwe vizuri.

Kule juu tumbili wanapiga kelele: "Amepakwa! Jamani, amepakwa!" Kisha mmoja: "Lakini anakunywa!" Kisha wote: "Anakunywa!" Fimbo zikadondoka, kacha kacha kacha. Wakateremka kama mvua. Wakapanga mstari wa kupakwa matope, wakisukumana, na wa kwanza kabisa kutoa kidevu chake alikuwa Mzee Kidevu.

Sasa mtadhani yamekwisha. Bado. Mzee Chimbachimba alikuwa na mfupa kooni: lile tawi. Aliwapaka wageni, akawapa maji, lakini alikuwa anawatazama kwa pembeni.

Nyamizi aliiona ile pembeni, akakumbuka neno la mwisho walilopelekewa. Akamwachia Bi Ngiri mtoto, akapanda mkuyu mmoja ulioinamia dimbwi, akakaa kwenye tawi lake. Ngiri wote wakarudi nyuma. Wanalijua tawi lile!

Nyamizi akatazama mbali, juu ya nyasi kavu ambazo ngiri hawezi kuona upande wake wa pili. Akaona nini? Nyasi zinatembea na upepo haupo. Akaona doa. Doa. Doa.

"Kraa! Kraa! Kraa!"

Tumbili mitini, fyuu! Ngiri hawakukijua kitumbili, lakini nani huhitaji tafsiri ya mayowe? Mashimoni, vurrr! Bi Ngiri akaingia na Shija kifuani. Chui akatokea dimbwini, akakuta matope matupu na nyayo. Akatazama juu: anazomewa. Akatazama chini: meno kwenye kila tundu. Akaondoka akijifanya alikuwa anapita tu.

Mzee Chimbachimba akatoa kichwa shimoni. Akamtazama Nyamizi. Akalitazama tawi. Akalitazama muda mrefu. Kisha akatikisa mkia wake.

Tangu siku ile ngiri hula chini ya tumbili, tumbili wakiwalindia juu, na neno tawi likaingia katika kingiri kama neno zuri. Halikuletwa na Korongo.

Korongo mwenyewe yuko wapi? Huyo anakuja. Shingo juu, kifua mbele, ka-ka-ka-ka! Akasimama katikati yao, akasema kwa kitumbili, kisha akasema kwa kingiri, ili pasiwe na mtu wa kukosa:

"Mmeona? Mmepatana! Na nani aliwaunganisha? Mimi! Mimi ndimi daraja lenu! Nipeni vyura wote wa dimbwi hili."

Mzee Chimbachimba akamsogelea. "Umesema wewe ni nani?"

"Daraja!"

"Hilo ni fumbo?"

"Mimi sina mafumbo, mzee. Neno kwa neno!"

"Mzee Kidevu," akasema Mzee Chimbachimba, akionyesha kwa pua. Mzee Kidevu hakujua kingiri, lakini alielewa haraka kuliko siku zote za maisha yake. Wakamshika Korongo, huyu shingo, huyu miguu. Wakamlaza juu ya kijifereji kilichotoka dimbwini, kichwa ukingo huu, miguu ukingo ule.

"Mnafanya nini?"

"Tunavuka," akasema Mzee Chimbachimba.

Akavuka. Kwa kwato. Puu! Puu! Puu! Bi Ngiri akavuka. Puu! Puu! Puu! Watoto wake wakavuka, tiki tiki tiki tiki. Tumbili wakavuka, wakarudi, wakavuka tena, maana tumbili wanapenda mchezo.

"Jamani! Jamani! Lilikuwa fumbo!" akalia Korongo. "Nilisema kwa mfano! Hakuna anayejua maana?"

"Maana?" akasema Mzee Kidevu akiwa juu ya goti la Korongo. "Maana si maneno. Sisi tumeleta miguu."

Mwisho akavuka Nyamizi, Shija mgongoni. Yeye alikuwa mwepesi, lakini alisimama katikati, palepale kwenye mguu mmoja wa Korongo, akajinyoosha, akatazama hali ya hewa.

Ndiyo sababu mpaka leo korongo husimama kwa mguu mmoja. Ule mwingine unamuuma. Na sauti yake ilibaki mferejini. Lugha zake saba zimekuwa ka-ka-ka-ka, domo likipiga domo, na hakuna mfalme wala ngiri anayemwita kufasiri kitu.

Mafunzo ni haya, nayasema wazi kwa ajili ya wenye domo refu: maneno ya watu huota kwenye ardhi yao. Anayelihamisha neno bila udongo wake amebeba kuni, hakubeba mche. Ukitaka kufasiri maneno ya mtu, kwanza mjue anaogopa nini na anapenda nini, ukae mahali pake, hata kama pana matope. Usipoweza, nyamaza, mpishe mama mwenye mtoto.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu akanywe. Na mwenye kujiita daraja alale chini, tunapita.